Sura Iliyochelewa Kupepesa Macho

Wapendwa waombolezaji, ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imenipa mimi, dada yake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Sura, na naomba mnivumilie nikikwama, maana tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akisimama nyuma ya watu na kunikonyeza ili nisiogope kusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi saa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, na mama husimulia kwamba hakulia alipozaliwa, bali alikunja uso kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, mkunga akacheka mpaka akasahau kumfunika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na kumaliza sekondari Novemba 1998, akiwa ameadhibiwa na karibu kila mwalimu kwa kuchora nyuso zao pembeni mwa daftari, isipokuwa mwalimu wa hesabu, ambaye aliomba tu achorwe upya, safari hiyo akiwa na nywele. Mwaka 2002 alipata stashahada ya uchoraji wa katuni kwa kompyuta, akachora mabango ya maduka kwa muda, na Septemba 2007 akaajiriwa na kampuni inayotengeneza michezo ya simu, ambako alipewa kazi ya kubuni zile sura ndogo za mviringo ambazo watu hutumiana wakichati na kucheza, zinazocheka, kununa, kulia na kukonyeza. Kila sura ni ndogo kuliko kifungo cha shati, inacheza sekunde mbili tu kisha inaanza upya, lakini kaka hakuchora hata moja kabla ya kuifanya mwenyewe kwanza, hivyo aliweka kioo cha kunyolea juu ya meza yake dirishani, akawa anakunja uso, anatoa macho, anapinda mdomo kutwa nzima, na wapita njia wakaamini kwamba kijana wa watu ana walakini.

Ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha, alikuwepo fundi cherehani mmoja ambaye alidhani anadhihakiwa, na kwa kuwa alikuwa amebana pini midomoni na hakuweza kumtukana, alijibu kwa kujaza shavu moja na kupandisha macho darini. Kaka aliichora ile sura siku hiyohiyo, nayo ndiyo mnayoituma mpaka leo mkimnunia mtu mnayempenda, na huyo fundi alipojiona kwenye simu ya mteja wake alivuka barabara na mkasi mkononi, na kilichofuata ni uchumba. Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 2008, na tarehe 2 Mei 2010 wakajaliwa binti yao wa pekee, ambaye miayo yake ya kwanza ilimpatia baba yake sura nyingine.

Januari 2017 wifi yangu alipata mkataba wa miaka miwili wa kufundisha ushonaji katika kiwanda cha nchi ya mbali, mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena, na kaka hakulalamika, alipika, alimsuka binti yake nywele kwa ustadi uliotutia aibu sisi mashangazi, na kila Jumapili aliifuta vumbi cherehani ya mkewe na kuitia mafuta, kana kwamba mwenyewe ana nguo ya kumaliza kesho yake. Lakini alimtamani mke wake kupita kiasi, nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema, na katika sura zote alizochora hakupata hata moja ya kumtumia, maana zinazolia alisema zina kelele, na mtu mwenye hamu halii, anakaa tu anatazama mlango.

Akaanza kuitafuta sura hiyo. Ya kwanza wenzake walisema ina njaa, ya pili walisema inasubiri basi, ya tatu alichora macho yaliyoelekea pembeni, yametulia tuli, mpaka unapokaribia kukata tamaa ndipo yanapepesa mara moja, kisha yanatulia tena, na mkuu wa kitengo akaikataa kwa upole, akisema wachezaji watadhani simu imeganda.

Aliituma kwa wifi. Wifi alizima simu, akaiwasha, akazima tena, kisha akampigia kumgombeza kwamba amemtumia kitu kibovu, naye akamwambia neno moja tu, asubiri, akasubiri, sura ikapepesa. Toka siku hiyo ndiyo sura waliyotumiana, na wifi akajifunza kutoizima simu.

Novemba 2023 kaka alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa na kupata nafuu, lakini tarehe 4 Juni 2024 alilazwa tena, wifi akavunja mkataba na kufika wodini alasiri ya tarehe 9, akamkuta ameelekea mlangoni, macho wazi, hatikisiki. Muuguzi alikuwa ameshageuka kwenda kumwita daktari, wifi akamshika mkono akamwomba asubiri, na kweli kaka akapepesa macho, kisha akamwambia mkewe kwamba cherehani ina mafuta. Wifi alijaza shavu. Walikaa pamoja hadi tarehe 12 Juni, saa tisa alasiri, alipofariki dunia akiwa amemtazama yeye, akituacha pia binti yake, mama yetu, mimi na mdogo wetu.

Tunawashukuru majirani waliopika na kumlaza binti yetu kwao, na wafanyakazi wenzake waliotuletea kile kioo cha kunyolea kikiwa kimefungwa kwenye sweta lake. Kwa namna ya pekee tunamshukuru daktari, ambaye saa tisa ile alikuwa ameshajua, na mashine zilikuwa zimeshasema, lakini wifi alipomwambia, "Ngoja kidogo, daktari, huyu huwa anachelewa," hakubishana naye, alivuta kiti, akakaa, akamtazama kaka yetu pamoja naye, mpaka wifi mwenyewe aliponyoosha mkono akamfumba macho.

Pumzika, kaka, kwa amani uliyotuachia. Simu hatuzimi.