Hilaria Mwanisawa, Aliyeuliza Dawa Imekufanyaje

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, mlioko Sumbawanga mjini, Msanzi, na hata kule bondeni Ilemba. Leo tunamkumbuka mama Hilaria Mwanisawa, mfamasia. Tulimzika Jumamosi, kwao Msanzi.

Mama Hilaria alitoa dawa, ndiyo. Lakini kazi aliyoipenda ilianza mgonjwa akishameza. Alikusanya taarifa za madhara ya dawa. Nani anawashwa, nani amevimba, nani haoni vizuri. Ukikutana naye njiani Katandala, hujamaliza hata shikamoo, anakuuliza, "Ile dawa imekufanyaje?"

Mdogo wake, Oswaldi, anaeleza chanzo. "Mama yetu alichomwa sindano, akavimba uso, akafariki. Tukaambiwa siku yake ilifika. Dada alikataa. Alisema, kama aliyetangulia kupatwa na hayo angesikilizwa, huenda mama angepona."

Sasa sikieni hili. Mwaka mmoja, masika, mama Hilaria alipigiwa simu kutoka Ilemba. Aliyepiga ni Kasmir, mkulima wa mpunga. Mkewe, Coleta, alikuwa ameanza dawa za kifafa. Midomo ilichubuka, ngozi ikatoa malengelenge. Majirani wakanong'ona kwamba amerogwa. Coleta akajifungia ndani kwa aibu. Na dawa anaendelea kumeza!

"Kasmir, mwanangu," mama Hilaria alisema, "asimeze kidonge kingine. Mlete hospitali sasa hivi."

"Usafiri sina, mama. Na barabara ni tope."

"Basi nakuja."

Aliomba gari la hospitali, akapanda na dereva. Wakateremka mlima mvua ikinyesha, wakamchukua Coleta hadi hospitali. Coleta alilazwa muda mrefu. Madaktari wakambadilishia dawa. Alipona, wasikilizaji. Alipona.

Mama Hilaria akapeleka taarifa kwenye mamlaka ya dawa. Mwenzake kazini, Basil, anakumbuka: "Nilimwambia, mama, mgonjwa mmoja atabadilisha nini? Akacheka. Akasema, 'Mmoja hapa, mmoja Kigoma, mmoja Tanga. Wakinyamaza wote, kila mmoja atadhani ni mkosi wake peke yake.'" Leo Basil ndiye anayekusanya taarifa hizo.

Pale makaburini, Coleta alisimama, mtoto mgongoni. Alisema maneno machache. "Watu waliogopa kunigusa. Yeye aliketi kitandani kwangu, akanipaka mafuta midomoni. Asante, mama."

Poleni sana, Oswaldi na ukoo wote wa Mwanisawa. Poleni, wafanyakazi wenzake. Mungu ampumzishe. Nasi tunashukuru kwamba alizaliwa kwetu.

Wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Huenda nyumbani kwako yupo anayemeza dawa huku akiumia, na amenyamaza asije akaonekana msumbufu. Zima redio kidogo. Nenda kaketi naye.