Gaspar Rwegoshora na Gari la Wajawazito wa Chanika

Padre, wazee wetu, majirani wa Chanika, na nyie mliotoka Temeke na Kinondoni, mie ni Ansbert, mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasimulia njia aliyopita kaka yangu, nami naisimulia kwa moyo uliotulia kidogo, kwa kuwa kaka aliteseka muda mrefu na sasa hateseki tena.

Gaspar alizaliwa tarehe 4 Machi 1912 huko Kamachumu, wilaya ya Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee wetu Rwegoshora, akasoma shule ya misheni kuanzia 1921 hadi 1926 alipomaliza darasa la nne, na baba alitaka awe katekista, lakini lori la kwanza lilipofika kijijini yeye aliingia uvunguni kutazama vyuma mpaka mama akamfuata na fimbo. Mwaka 1931 akawa utingo wa malori ya kahawa, 1935 akaja Dar es Salaam na kuajiriwa katika gereji ya Bwana Ladha, na wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi hadi Abisinia, akarudi salama mwaka 1944.

Tarehe 16 Julai 1938 alifunga ndoa na shemeji yangu Kokushubila, wakajaliwa Anjelina mwaka 1939 na Gozbert mwaka 1946, wakafungua shamba hapa Chanika, kaka akilala mjini siku za kazi na kurudi Jumamosi. Mtoto wa tatu hakumwona akiwa hai. Tarehe 22 Aprili 1949 uchungu ulimkamata shemeji na mtoto hakutaka kutoka, gari la kumpeleka hospitali halikuwepo, basi jirani yetu Mwishehe na wenzake wakambeba kitandani kwa miguu kuelekea Pugu, na walipopata lori na kufika hospitali, mama aliokolewa, lakini mtoto alikuwa amekwisha kufa. Kaka alizipata habari hizo kesho yake, akiwa chini ya gari la mtu, anakaza nati.

Mwaka 1952 Bwana Ladha alianza kuingiza gari lake katika mashindano ya mbio, akamfanya kaka dereva wake wa kulipwa, na desturi ya mashindano yale ilikuwa kwamba makusanyo ya kiingilio hutolewa sadaka, na anayeshinda ndiye anayetaja nani apewe. Kaka aliitaka nafasi hiyo kuliko kikombe. Tarehe 12 Septemba 1954, katika mbio za kutoka Kinondoni hadi mlima wa Wazo na kurudi, dereva wa Temeke, Hija Mwinjuma, ambaye leo yupo nasi, alimkuta ameinama juu ya usukani kabla ya bendera kushushwa, akamuuliza, "Unaomba nini, ndugu yangu?" naye akamweleza habari za mtoto wake.

Kaka aliongoza mpaka Wazo, mimi nikiwa kando ya njia nikipiga kelele hadi sauti ikanikauka, lakini kwenye mteremko breki zikalegea, ikambidi apunguze mwendo, na Hija akampita na kushinda. Kaka alishuka garini akakaa chini mavumbini, hakutaka hata maji. Kisha tukamsikia Hija kwenye kipaza sauti akisema, "Mie nimeshinda mbio tu. Sadaka muulizeni Gaspar, yeye ana shida nayo." Kaka alisimama, akasema, "Chanika wajawazito wanabebwa vitandani. Tunaomba gari," na watu wakapiga makofi, na mie nililia bila kuona haya.

Gari lililonunuliwa kwa sadaka ile, ingawa lilikuwa limekwisha kutumika, liliingia hapa Februari 1955, kaka akaliendesha siku zote alizokuwa nyumbani bila ujira, na wa kwanza kupanda alikuwa jirani yetu Mwanaheri, aliyejifungulia njiani, shemeji akiwa amemshika, na mtoto alipolia shemeji alishusha pumzi ndefu, akasema, "Huyu amelia," akarudia hivyo mpaka hospitali.

Mwaka 1956 kifua kilianza kumsumbua, Novemba 1957 akaacha kazi, na shaka yake kubwa ilikuwa gari litakosa dereva, basi akamfundisha Mwishehe akiwa amekaa kwenye kiti uani, akikohoa na kufoka, "Klachi kwanza, bwana!" Tarehe 9 Juni 1958 alisikia gari likipita, akauliza, "Nani anaendesha?" Anjelina akamjibu, "Ni mzee Mwishehe, anampeleka mzazi." Akasema, "Basi," akageukia ukutani, na jioni ile akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomgeuza na kumwosha alipokuwa hajiwezi, Bwana Ladha na mafundi wote wa gereji, na Hija kwa ukarimu wake. Mwishehe hayupo hapa, ana mgonjwa njiani, na ninyi mtamsamehe.

Kaka Gaspar, kazi imepata mtu, lala kwa amani.