Aliyeitikia Chini ya Mzambarau

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya magogo mawili, mkabala na lango la daktari wa meno. Magogo hayo waliyaleta Kindi na Nanga, wakata miti, na tangu siku hiyo wana haki ya kukaa hata ubao ukijaa. Kindi ndiye hupanda. Nanga, ambaye ni mdogo wake mke wa Kindi, hubaki chini na kamba. Asubuhi hiyo Birika, muuza kahawa, alikuwa amekwisha kumimina vikombe vya kwanza, Kinyozi hajapata kichwa, Fundi Redio hajapata redio, na ng'ambo ya barabara mzambarau wa daktari ulikuwa umeinamisha tawi lake kubwa, lililopasuliwa na upepo, juu ya paa la chumba cha kungojea. Wagonjwa walikuwa wametolewa nje. Walijipanga ukutani, kila mmoja kashika shavu lake, wote wakimtazama Kindi.

Na Kindi alikuwa amekaa. Mkanda wa kupandia kiunoni, kofia ngumu kichwani, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso, msumeno wa mashine miguuni, kikombe mkononi. Tawi lile halikuwa la kuachwa, maana mawingu yalishaanza kujikusanya nyuma ya maghorofa, na upepo mwingine ungelishusha juu ya paa bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini kulikata hawezi, kwa sababu shemeji yake hataki kumwitikia.

Kazi hii ina adabu zake, bwana. Mtu aliye juu ya mzambarau haoni chini. Anaona majani, na chini ya majani anaona majani mengine. Kwa hiyo kabla ya kukata, wa juu anaita "Tawi!" Wa chini anatazama huku na huku, anafukuza watoto, kuku na wenye maswali, anajisogeza mwenyewe, ndipo anaitikia "Wazi!" Bila hiyo "Wazi" msumeno haugusi kitu. Utaratibu huo aliuweka Kindi mwenyewe, na ameshauhubiri mpaka kwa wakata miti wasiomuuliza.

Sasa asubuhi hiyo kapanda, kaita, kimya. Kaita tena, kimya. Kashuka, kamkuta Nanga kasimama na kamba yake, anatazama barabara kama mtu anayengoja gari. Kisha Nanga akavuka kuja kijiweni. Ubaoni hakukaa. Alikokota kiti cha plastiki kutoka uani kwa daktari, kiti chenye miguu mitatu, akaweka jiwe mahali pa mguu wa nne, akakikalia kwa tahadhari. Walimtania kwamba amejiletea kiti cha enzi. Hakucheka.

— Birika, akasema, mwambie shemeji yangu kwamba jana hakungoja niitikie. Kwa hiyo leo siitikii.

— Mwambie nilisikia, akasema Kindi. Nilisikia "Wazi" kwa masikio yangu mwenyewe.

— Mwambie mimi sikusema.

— Anasema hakusema, Birika akamwambia Kindi, huku anamimina.

— Nimesikia.

— Hiyo ndiyo shida yako, akasema Kinyozi. Unasikia sana.

Basi hapo kijiwe kikapata kazi ya siku. Kama Kindi alisikia, na Nanga hakusema, ni nani aliyesema? Fundi Redio akadai neno la kwanza kwa vile mambo ya sauti ni yake. Sauti, alieleza, haifi. Ikitoka kinywani inagonga ghorofa na kurudi. Alichosikia Kindi ni ile "Wazi" ya tawi la mapema, ilichelewa tu njiani. Kinyozi akataka kujua ilichelewa wapi. Fundi Redio akamjibu bila kupepesa jicho kwamba majani mabichi hunyonya sauti, na yakishiba huiachia.

Kinyozi hakutaka kusikia habari za majani yenye kiu. Kwake yeye huyo alikuwa kasuku. Muuguzi wa daktari anakaa ghorofani, anafuga kasuku, na kasuku amesikia "Tawi! Wazi!" mchana kutwa.

— Ndege anayeweza kusema "fungua mdomo" atashindwa nini na "Wazi"?

Birika, ambaye hupeleka kahawa ghorofani kila siku, akasema hajawahi kumwona huyo kasuku. Kinyozi akasema basi atakuwa amekufa, ndiyo maana leo Kindi kaita na kimya. Mzunguko wa pili wa kahawa ulipofika, kasuku alikuwa amefufuka, ameibwa na wakata miti wa mtaa wa pili, amefundishwa kazi na kurudishwa dirishani ili amwangamize Nanga na biashara ya watu ife. Fundi Redio akakubali, kwa sharti kwamba majani nayo yatajwe.

— Mnahangaika bure, akasema Birika. Ni mti wenyewe.

Wakamgeukia.

— Watazameni wale ukutani. Mtu jino likimuuma, akiulizwa "tayari?", anasema tayari hata daktari hajafika. Anachotaka ni litoke tu. Na mzambarau ulitaka tawi litoke. Ukaulizwa, ukajibu.

Walicheka mpaka wagonjwa wakageuza vichwa. Kindi naye alicheka, ila maneno yale yalimkaa vibaya. Mti hauwezi kusema, hilo analijua. Ila anajua pia ni nani aliyekuwa na hamu ya kumaliza jana. Lilikuwa limebaki tawi moja kabla ya lile kubwa, njaa inamkata, vizuia kelele vimeziba masikio yote mawili, kimoja amekiinua kwa kidole tu. Aliita. Kitu kilisikika. Alikipokea kitu hicho jinsi kilivyo, akawasha msumeno. Na aliposhuka, Nanga alikuwa tayari anakokota matawi kama kawaida yake, pamefagiliwa, hakuna la kuona.

Kinyozi, kwa moyo mwema kabisa, akajitolea kwenda kuitikia yeye mradi kazi iishe.

— Wewe ukiona nywele ndefu zinapita utaniacha na tawi mkononi, akasema Kindi. Sipandi kwa mwingine. Napanda kwa huyu.

Nanga alisikia. Alizungusha kikombe chake, akakitazama.

Ndipo mke wa Kindi akatokea kona ya barabara na begi begani. Alikuwa ameshuka safarini saa hiyo, ametoka kumtazama mama aliyewazaa yeye na Nanga. Alipita kijiweni kwanza kwa sababu alijua wanaume wake wawili hupatikana hapo. Akasalimia wote, akampa mdogo wake salamu za mama, akamuuliza mumewe mbona yuko chini na tawi liko juu.

Wakamweleza wote kwa mpigo. Ghorofa, majani, kasuku, muuguzi, wakata miti wa mtaa wa pili, jino. Mama wa watu alisimama hapo na begi lake, anawageukia mmoja mmoja, mpaka wakaishiwa.

— Haya, akasema. Na lilipoanguka hilo tawi la jana, Nanga alikuwa amesimama wapi?

Kinyozi akamtazama Fundi Redio. Fundi Redio akamtazama Birika. Birika akainua birika lake, akalirudisha bila kummiminia mtu. Asubuhi nzima walikuwa wamemtafuta mwenye sauti mpaka madirishani kwa watu, na hapakuwa na mmoja aliyewahi kuuliza hilo. Dada mtu akamgeukia mumewe.

— Nakuuliza wewe.

— Sijui, akasema Kindi.

Alijisikia aibu kubwa, na hofu iliyochelewa siku nzima ikamfikia. Nanga akainuka polepole. Akakiinua kile kiti, jiwe likabaki chini, akakigeuza ili mguu uliokatika uwaelekee.

— Mgonjwa alikuwa amekisahau hiki chini ya mti, akamwambia dada yake. Nilisikia "Tawi", nikaingia kukitoa, ili niseme "Wazi". Nilikuwa nimekishika hapa tawi liliposhuka.

Akaonyesha mgongo wa kiti. Kutoka pale alipoweka kiganja mpaka kwenye mguu uliokatika hapakuwa na urefu wa mkono. Birika aliangalia kando. Mke wa Kindi akakichukua kiti taratibu mikononi mwa mdogo wake, akakirudisha juu ya jiwe, akakikalia.

Kindi akafunga kamba ya kofia kidevuni. Hakuomba radhi, kwani mbele ya watu wale radhi ingegeuzwa mjadala mpaka jioni. Alivuka barabara, akaukagua mkanda wake kifundo kwa kifundo, akapanda. Nanga akabaki kidogo, kisha naye akavuka.

Huko juu Kindi akafunga tawi kubwa kwa kamba ya kulishushia, akaidondosha ncha yake chini. Ikavutwa ikakazwa, hivyo alijua mtu yupo. Lakini mtu kuwapo si kuitikia. Akaita "Tawi!" Akavua vizuia kelele kabisa, akavitundika shingoni. Alisikia kunguru. Alisikia maji yakimwagika kwenye beseni, na mgonjwa mmoja akikohoa, kikohozi ambacho jana kingemtosha. Msumeno hakuugusa. Kijiweni kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeidai.

— Shemeji, akaita. Umesimama wapi?

Kamba ikacheza kidogo.

— Langoni, akajibu Nanga. Kamba nimeizungusha kwenye shina.

— Wagonjwa?

— Wako barabarani wote, na mashavu yao.

— Na kile kiti?

— Kiti kakikalia mkeo, ng'ambo.

— Mwambie asiinuke.

— Mwambie wewe, mimi nina kazi hapa.

Kindi akacheka peke yake mle majanini. Akaita tena, kwa sauti ya kazi.

— Tawi!

— Wazi, shemeji.

Kindi akavaa vizuia kelele vyake, akangoja kidogo zaidi, hivihivi tu, halafu akawasha msumeno.