Mguu wa Kochi Mbele ya Watu Elfu Thelathini

Benchi la kijiweni lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya mlango wa kinyozi, na asubuhi ile lilijaa mapema. Fundi makochi alikaa mwishoni, kikombe cha kahawa mkononi, hajakionja. Jana yake alasiri, dada mmoja aliyenunua makochi kwake mwezi uliopita alirusha video kwenye ukurasa wa biashara wa fundi: mguu wa kochi umekatika, na mama mzazi wa yule dada yuko chini sakafuni, ameukumbatia mkono wake. Ukurasa ule fundi aliujenga miaka minne, picha moja moja, hadi ukapata wafuasi elfu kumi na moja. Na leo alfajiri mwenye nyumba ya wageni, aliyeagiza makochi ya vyumba kumi na viwili, alimwandikia maneno mawili tu: "Tusubiri kwanza."

— Umechukua hatua gani? aliuliza Bando, muuza vocha, ambaye kijiwe kizima kilimhesabu mtaalamu wa mitandao.

— Nimeifuta.

— Safi.

— Kairusha tena kwake. Watu elfu thelathini wameshaiona.

— Mfungie asikufikie kabisa. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Nimeshamfungia.

— Ndiyo maana wanaandika "fundi kaingia mitini", alisema kinyozi kutoka mlangoni, akipangusa mashine yake.

Wakili alikohoa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Uwakili alipewa na kijiwe kwa ubishi.

— Video ile ni ya kupangwa. Mtazame yule mama anavyoshika mkono, kama anapigwa picha ya ukutani. Nyuma yake yupo fundi mwenzako.

Fundi alizungusha kikombe mkononi. Mguu ule aliujua. Siku ile skrubu ndefu zilimwishia, akatia fupi, akajiambia gundi itashika. Hilo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

— Tufungue akaunti ishirini, Bando alisema. Kila moja iandike: kochi la fundi huyu nimelikalia miaka kumi, halijalia hata mlio.

— Ukurasa una miaka minne, kinyozi alimkumbusha.

— Basi mitatu.

— Hapana, alisema Wakili. Samaki mmoja akioza, wameoza wote. Nasi tuwaozeshe wenzake. Tuandike kwamba makochi ya mafundi wote wa mji huu yanavunjika. Ataonekana wa kawaida.

— Au weka picha yako, nyeusi na nyeupe, Bando alisema, sasa kwa sauti ya chini. Andika, "Tumempoteza." Nani atamtukana marehemu?

Hakuna aliyecheka. Fundi alijikuta anachagua picha kichwani, ile ya shati jeupe.

Mama mmoja asiyejulikana pale alikuwa amesimama kando na chupa yake, akisubiri kujaziwa kahawa. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, wanangu. Huyo mama aliyeanguka anaendeleaje?

Bando alishusha macho kwenye simu, akaipekua juu chini kana kwamba jibu limo mle. Wakili akatazama kikombe chake. Kinyozi akaacha kupangusa mashine. Watu elfu thelathini wameuona mkono ule, na benchi zima hakuna aliyejua kama umevunjika au umeteguka tu.

Fundi akaweka kikombe chini, akatoa simu.

— Usipige, Bando alimnong'oneza. Atakurekodi.

— Arekodi.

Simu iliita muda mrefu.

— Dada, ni mimi fundi. Hapana, sikupigii kukuomba uitoe video. Mama anaendeleaje?

Benchi zima lilisogea kusikiliza.

— Amevunjika, kafungwa plasta, alisema yule dada. Mkono wa kulia.

— Kosa ni langu. Nilitia skrubu fupi nikijua. Waambie watu hivyo, na mimi nitaandika hivyo hivyo kwangu.

Bando alijishika kichwa.

— Subiri, alisema yule dada. Mwambie mwenyewe.

Fundi akainuka kwenye benchi, akavua kofia.

— Shikamoo, mama, alisema.