Wimbo wa Tusekile na Mtunzi Wake, Sifaeli Chengula

Bwana Yesu asifiwe. Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na poleni kwa baridi hii ya Mlandege, ukoo umenituma mimi Clement, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, na shemeji Esnath, mjane wake, ameniagiza nisifiche kitu, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Sifaeli Chengula alizaliwa hapa hapa Mlandege, Iringa, tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, darasani alikuwa wa katikati tu, lakini kwenye kwaya ya usharika hakuwa na mpinzani, na gitaa alijifundisha mwenyewe huku mama akimfokea kwamba kuni hazijapasuliwa.

Mwaka 1984 alikwenda Ubaruku kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na katika kupeleka mchele Mbeya mjini akafahamiana na binti wa mtaa wa Soweto aitwaye Tusekile, akampenda, jamani, akapenda mpaka chakula hakipiti, ndipo akatunga wimbo wenye jina la binti huyo, ambao nyote mnaujua na wengi wenu mmeucheza kwenye harusi zenu. Kosa lake lilikuwa haraka, kwani Juni 1986 aliuimba hadharani kwenye harusi ya jirani pale Soweto, mtu mmoja akaunasa kwa redio kaseti, kaseti ikazunguka hadi stendi, na mshenga wetu alipobisha hodi Agosti, baba wa binti alimjibu kwamba mwanawe ameshaimbwa vilabuni kabla ya posa, haozwi kwa huyo aliyemwimba, maji yakimwagika hayazoleki. Tusekile akaolewa na mwingine, na kwenye harusi yake, msishangae, ulipigwa wimbo ule ule.

Tarehe 7 Septemba 1991 marehemu alifunga ndoa na Esnath katika usharika wetu huu, Mungu akawajalia watoto wawili, Eveline na Ezron. Shemeji aliyajua yote kabla ya kuvaa pete, akasema wimbo hauli ugali, lakini mwaka 1994 bendi moja ya Mbeya iliurekodi upya, ukawa unalia redioni asubuhi na jioni akiwa jikoni kwake. Mwaka 2003 kaka, kwa kumhurumia mkewe, aliingia studio hapa Iringa akaurekodi kwa jina la Esnath, hakuna aliyeutaka, na kila alipopanda jukwaani ukumbi mzima ulipaza Tusekile hadi sauti yake ikazama. Angefanya nini, awazibe watu midomo?

Tarehe 3 Februari 2023 alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakapotea, hata maji hakuweza kuomba, ila daktari alitueleza kwamba kuimba kunaweza kubaki pale kusema kulipokwisha, na kweli, aliuimba wimbo wote bila kukosea, kwa jina la Tusekile. Shemeji alimwogesha, alimlisha uji, alimgeuza kitandani, na jina aliloitwa na mumewe ni hilo. Alijaribu kumwimbia sikioni taratibu, Esnath, Esnath, naye akamtazama machozi yakimtoka, akafungua mdomo, likatoka lile lile.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopokezana kumbeba, na wenzake wa kazini mliotoka Ubaruku. Kwaya mmeuliza kama wimbo uimbwe kaburini, na kwa jina lipi. Shemeji amejibu uimbwe, na jina libaki Tusekile, msilibadilishe, kwa sababu ndilo jina mumewe alilomwita yeye hadi mwisho, na hakuna mwingine atakayemwita hivyo tena.

Lala, kaka, umechoka, Bwana akupumzishe kwa amani.