Nguo ya Kijani ya Mama Emilie

Wazazi, ndugu na majirani, mimi ni Syntiche, mutoto wa pili wa marehemu, jamaa imenipa karatasi hii niisome bila kuongeza neno, nami nitajaribu, ingawa toka asubuhi roho yangu haitulii.

Mama yetu Emilie alizaliwa Niemba tarehe 14 Agosti 1966, mutoto wa kwanza wa Papa Zacharie, mulimaji, na Mama Virginie, akasoma shule ya musingi palepale, kisha mwaka 1981 akaletwa hapa Kalemie kujifunza ushonaji, akapata cheti chake mwaka 1984.

Alianza kazi kwa fundi mumoja wa sokoni, akaiacha tarehe 3 Desemba 1986, karatasi inasema kwa hiari yake. Hiari gani, jamani! Wasichana wa pale walikuwa wanashona nguo za Noeli toka asubuhi hadi magaribi bila kula, mumoja akasinzia, sindano ya mashini ikamutoboa kidole, na fundi akauliza kwanza kama kitambaa kimechafuka. Mama alitoka pale akilia kwa hasira, na tangu siku ile hakununua nguo bila kuuliza nani ameishona.

Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Papa François, mutumishi wa reli, aliyetutoka mwaka 2009, wakazaa watoto wawili, Guelord na mimi. Kikwembe, yaani kitenge, cha kijani cha ndoa ile alikifumua na kukishona upya mara nne, mikono akaikata katika shati la kazi la Papa, akakivaa ibadani miaka yote, watu wakimucheka kwamba ni bahili.

Mwaka 2018 wamama wa kanisa walipochagua kikwembe kipya cha 8 Machi, sikukuu ya wanawake, yeye alisema cha mwaka jana hakijapasuka, akapakia mashini yake kwenye pikipiki mupaka Katanika, akawashonea waliokimbia vita nguo kutoka vikwembe vyetu vya zamani. Wakamutoa mustari wa mbele kanisani, naye akashupaza shingo. Mimi nilimuonea haya, nikahama hata benchi lake, na leo haya hiyo imenigeukia.

Mwaka huu figo zilianza kumusumbua, akalazwa tarehe 20 Juni, na siku moja akanishikisha nguo yake ya kijani, akaniomba nisikubali avalishwe nguo ya siku moja, nikamuitikia ndiyo, Mama. Alifariki Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa kumi ya alasiri.

Sasa muniangalie. Mujomba Toussaint, mudogo wake, alisema watu watatusema kwamba tumemutupa dada yake, akanunua gauni jeupe la bibi harusi, la nailoni, na vikwembe vipya vya kufanana kwa jamaa nzima, nami nikashona changu usiku kucha, ndiyo hiki nimevaa. Mujomba, najua ulifanya kwa upendo, usinikatie jicho, ninamaliza.

Jamaa inawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali waliomuhangaikia, majirani waliopika na kulala nasi matangani, washonaji wenzake, na wamama waliokuja kwa miguu toka Katanika, ambao nawaona pale nyuma wamevaa nguo zilizotoka mikononi mwake.

Karatasi inanitaka nimuambie Mama apumzike kwa amani. Siwezi, sanduku halijafungwa, na amelala mule ndani na gauni alilolikataa. Nguo ya kijani iko hapa, ndani ya mufuko wangu. Wamama wa Katanika, tafazali, sogeeni mbele, shikeni vikwembe vyenu mutukingie, tumubadilishe, na neno lile la mwisho nitamuambia akiisha kuvaa.