Wifi Yangu na Kadi Zisizo na Uzi

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada wa mume wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia hii, na nitaisoma yote, kwa kuwa tangu jana nasikia minong'ono huko nyuma kwamba wifi yangu alikuwa tapeli, na kwamba mwenye duka la vitabu, ambaye namwona pale amekaa, anataka kumrudishia binti yetu, mtoto wa marehemu anayeendeleza kazi ya mama yake, kadi zote za kufunga mwaka na asichukue tena nyingine, wakati kazi hiyo ndiyo inayomweka mjini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi saa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, idara ya kukata maboksi, hadi kilipofungwa mwaka 1998, akarudi nyumbani na mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, akasema ameinunua, nami nikamfuata meneja wake kuhakikisha, akasema ni kweli.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu, wakajaliwa binti mmoja, na tangu siku ya ndoa sikumwamini, nasema waziwazi, maana kaka alikuwa akija kwangu nimshonee vifungo, mkewe hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, halafu mwanamke huyohuyo akaanza kuuza kadi za mvua za kwanza, za mavuno na za kufunga mwaka, zenye maua ambayo ungeapa yametariziwa, basi nikajiuliza, anayetarizi ni nani, na amemficha wapi. Nilikuwa nazuka kwake bila taarifa, nakuta meza imefunikwa kitambaa, ananikaribisha chai huku anacheka, nami najifanya nakwenda msalani, nachungulia kila chumba, siambulii kitu.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, mikono ikaisha nguvu, akaniita mimi nimzungushie mashine, si bintiye, jambo lililonitia shaka zaidi. Akaondoa kitambaa, akalaza karatasi ya rangi juu ya kibati chenye makali, nikazungusha, mashine ikavikandamiza, likatoka ua lenye alama ndogondogo kama mishono, akavibandika vipande vyake kwenye kadi kwa kibano, uzi hakuna. Nikamwuliza mbona anadanganya watu, akasema kila anayeuliza humwambia ni karatasi, wasioamini shauri yao. Nikamwuliza kwa nini ameniita mimi, akasema: mwanangu ataamini kila ninachofanya, lakini wewe, wifi, utakagua kila ua mpaka macho yakuume, kadi mbovu haitatoka humu.

Hilo nalo sikuliamini, nikaenda kwenye duka la vitabu linalouza kadi zake nikajifanya mteja, na mwenye duka akaniambia kwa mdomo wake kwamba anajua ni karatasi tangu siku ya kwanza, ila yeye huwaambia wateja zimetariziwa, zinatoka haraka, kwa hiyo asije leo akajifanya ameshtuka.

Marehemu alifariki hospitalini tarehe 9 Novemba 2024. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia, wenzake wa kiwandani, na mwenye duka pia, ambaye atatueleza hapa hapa, kabla hatujatawanyika, kadi za binti yetu atazipokea lini.

Wifi yangu, maisha yako yote nimekutafutia kosa, nimepekua mpaka chini ya kitanda, sikuliona. Pumzika kwa amani, sitakuja tena kukuchungulia.